Kabla Hujaiwasha Upya

Wanangu mnaolinda seva usiku, neno langu la kwanza ni hili: mashine ikianguka, msiiwashe upya kabla hamjaisoma. Najua simu zinalia. Najua mkuu wa idara amesimama mlangoni, na maabara nzima imeganda kwa sababu saraka za wanafunzi wote zinaletwa kwa mtandao kutoka kwenye mashine moja. Saa kama hiyo mkono hukimbilia kitufe wenyewe. Lakini karibu kila mnachohitaji ili kujua kilichotokea kimo ndani ya memori ya mashine ile iliyoanguka, na memori hiyo inapotea mara tu mnapozima. Mkiwasha upya mtapata mashine inayofanya kazi na hamtakuwa na habari hata moja. Itaanguka tena, wiki ijayo au mwezi ujao, nanyi mtakuwa pale pale mlipokuwa leo.

Nendeni kwa wanaongoja, muwaambie kwa heshima kwamba mnahitaji muda mfupi wa kuhifadhi ushahidi, na muwaeleze kwa nini. Wakubwa wengi hukubali wakielezwa. Kinachowakera ni kuachwa gizani. Kisha, kama skrini ina maandishi, ipigeni picha kwa simu, herufi zote zisomeke. Msitegemee logi iliyo kwenye diski. Kerneli iliyoanguka mara nyingi haiwezi tena kuandika kwenye diski, kwa hiyo mistari ya mwisho, ambayo ndiyo mnayoitaka, haifiki huko. Na skrini nayo hubeba mistari michache tu. Ile ya juu, yenye chanzo cha mambo, huwa imeshapita. Ndiyo maana mashine muhimu iwekewe netconsole, inayotuma ujumbe wa kerneli kwa UDP hadi mashine jirani, au iunganishwe kwa kebo ya siriali na mashine nyingine inayorekodi.

Hayo yote bado ni ya dharura. Anayeijua kazi hii hujiandaa siku ambayo hakuna kilichoharibika. Linux ina utaratibu uitwao kdump, ulioingia katika kerneli toleo la 2.6.13 mwaka 2005. Mnatenga kipande cha memori tangu mashine inapowaka, kwa kuandika kitu kama crashkernel=256M kwenye mstari wa kuwashia kerneli, na ndani ya kipande hicho hukaa kerneli ya pili isiyofanya lolote. Ya kwanza ikianguka, ya pili inaamka papo hapo bila kupitia hatua za kawaida za kuwasha mashine, inaikuta memori ya mwenzake kama ilivyoachwa, inaiandika kwenye diski, kisha ndipo inaiwasha mashine upya. Kwa utaratibu huo hamlazimiki tena kuchagua kati ya ushahidi na watu wanaongoja.

Onyo moja hapa. Kdump inaweza kuagizwa ipeleke nakala hiyo kwenye seva nyingine kupitia NFS, itifaki ile ile inayoleta saraka kwa mtandao, na wengi huipenda njia hiyo kwa sababu diski za ndani ni ndogo. Kama hitilafu mnayoitafuta iko ndani ya NFS yenyewe, au kwenye kadi ya mtandao, mnamkabidhi mtuhumiwa cheti cha kifo akiandike. Tafuteni diski ya ndani, hata iwe ndogo. Programu ya makedumpfile huacha kurasa tupu na kurasa za akiba, hubana zilizobaki, na faili inayotoka huwa ndogo sana ikilinganishwa na memori ya mashine. Halafu jaribuni. Chagueni siku tulivu, waarifuni watu, muiangushe mashine kwa makusudi kwa kuandika herufi c kwenye /proc/sysrq-trigger, muone kama faili inatokea chini ya /var/crash. Kdump ambayo haijajaribiwa msiihesabu kuwa mnayo.

Sasa hakikisheni kwamba mashine kweli imeanguka. Nasema hivi kwa sababu NFS, tangu ilipotoka Sun Microsystems mwaka 1984, ilijengwa juu ya subira: seva ikipotea, mteja angoje mpaka irudi, kisha aendelee na kazi yake. Hadi leo kwenye Linux hali ya kawaida ya kumaunti ni ile iitwayo hard, na maana yake ni kungoja bila kikomo. Programu inayosoma faili za seva iliyopotea haitoi kosa. Inakaa tu, na katika orodha ya ps inaonyesha herufi D. Kipimo cha mzigo wa mashine kinapanda huku prosesa hazifanyi lolote. Baada ya sekunde 120 kerneli inaandika kwenye logi kwamba kazi fulani imekwama, na chini yake inaorodhesha mlolongo wa miito unaofanana sana na ule wa anguko. Kijana anauona, anatangaza kwamba kerneli imekufa, anazima mashine iliyokuwa nzima kabisa, na kazi za watu ambazo zilikuwa zinangoja kuandikwa zinapotea.

Kwetu huku chanzo cha kungoja huko mara nyingi ni umeme tu. Seva ina betri ya akiba, lakini swichi ya mtandao iliyo ghorofa ya chini haina. Umeme ukikatika, seva inabaki hai, wateja wanabaki hai, na njia kati yao imekufa. Swichi ikirudi, kila kitu kinaendelea. Kwa hiyo, kabla ya yote, angalieni kama katika logi kuna ujumbe kwamba seva ya NFS haijibu na mteja bado anajaribu. Ujumbe huo ukiwapo, tembeeni hadi kwenye swichi.

Mtashauriwa mbadilishe hard iwe soft ili programu zisigande. Kwa saraka ambazo watu wanaandika kazi zao, kataeni. Kwa soft, mteja akichoka kungoja anairudishia programu kosa, na programu nyingi hazikagui kosa la kuandika. Faili inabaki na pengo katikati na hakuna anayejua hadi siku inapofunguliwa. Bora mwanafunzi angoje nusu saa kuliko apoteze sura nzima ya tasnifu yake bila kuambiwa.

Mkishathibitisha kwamba ni anguko la kweli, tafuteni anguko la kwanza na msome hilo. Linux inaweza kupata kosa zito, ikaiua kazi iliyosababisha, kisha ikaendelea kuchechemea huku kufuli za ndani zimebaki mikononi mwa kazi iliyokufa. Kinachofuata ni mvua ya ripoti nyingine, kila moja ikitaja sehemu tofauti ya kerneli. Karibu na mwanzo wa kila ripoti ya kosa kuna namba kama [#1]. Mkiona [#4], pandeni juu mpaka muikute ya kwanza. Zilizofuata kwa kawaida ni matokeo yake.

Katika ripoti hiyo, anwani ambayo kerneli ilishindwa kuifikia inasema mengi. Ikiwa ni ndogo sana, kama 0000000000000008, basi pointa ilikuwa tupu na kerneli ilikuwa inatafuta kitu kilicho baiti 8 ndani ya muundo ambao haupo. Ikiwa imejaa 6b6b6b6b, hiyo ni alama ambayo kerneli, ukaguzi wa memori ukiwashwa, huipaka juu ya memori iliyorudishwa; kuna mtu ametumia kitu kilichokwisha kuachiwa. Ikianza na dead na kuishia na 100 au 122, kwenye mashine za kawaida za biti 64, kuna kitu kilishatolewa kwenye orodha na bado kinafuatwa. Neno RIP hutaja fanksheni iliyokuwa inaendeshwa, na namba baada yake huonyesha umbali kutoka mwanzo wa fanksheni hiyo. Mlolongo wa miito usomeni mkijua kwamba wa juu ndiye alikuwa kazini na walio chini ndio walimtuma. Mistari yenye alama ya kuuliza ni mabaki yaliyokutwa njiani, msiyajengee hoja. Na herufi zilizo kwenye mstari unaosema kama kerneli imechafuliwa msizipite: P maana yake kuna moduli ambayo chanzo chake kimefungwa, O kuna moduli iliyotoka nje ya mti wa kerneli. Anayetunza NFS akiziona, swali lake la kwanza litakuwa kama mnaweza kulirudia anguko bila moduli hizo, na ana haki ya kuuliza.

Ndani ya chanzo cha kerneli, chini ya saraka ya scripts, kuna decode_stacktrace.sh, ambayo hugeuza majina na namba hizo kuwa mistari kamili ya msimbo. Inahitaji faili ya vmlinux yenye taarifa za uchunguzi, ya toleo lile lile hasa mlilokuwa mnaendesha. Hifadhini hizo faili kila mnapobadilisha kerneli.

Mkiufikia mstari huo, wanangu, hapo ndipo wengi hukosea. Hudhani wamefika. Mstari ambao kerneli imeangukia mara nyingi hauna hatia yoyote.

Nitawaeleza kisa cha kweli, maana sikijui kingine kinachofundisha jambo hili vizuri zaidi. Mwaka 2018 Vasily Averin wa Virtuozzo, kampuni inayojishughulisha na makontena, aliieleza hitilafu iliyokuwa ikijitokeza ndani ya fanksheni iitwayo svc_process_common. Ili mkielewe, kumbukeni jinsi toleo la 4 la NFS linavyofanya kazi. Seva humkabidhi mteja faili kwa muda, aifanyie kazi bila kuuliza kila mara. Mteja mwingine akiitaka, seva humwita yule wa kwanza airudishe. Katika 4.0 wito huo ulipita kwenye muunganisho mpya ambao seva yenyewe iliufungua kwenda kwa mteja, na mitandao mingi yenye ulinzi ikawa inauzuia. Toleo la 4.1, lililochapishwa kama RFC 5661 Januari 2010, liliruhusu seva iite kupitia muunganisho ule ule ambao mteja ameshaufungua. Tuiite njia ya nyuma.

Ndani ya Linux, huduma inayopokea miito hiyo upande wa mteja ilikuwa na muundo mmoja kwa mashine nzima, na ndani ya muundo huo palikuwa na nafasi moja tu ya kuweka pointa ya muunganisho. Kwenye mashine ya kawaida, yenye mtandao mmoja, haikuleta shida. Lakini kila kontena linaweza kupewa mtandao wake uliotengwa, na kila moja likimaunti NFS 4.1 lilikuwa linaandika pointa yake katika nafasi ile ile. Aliyekuja nyuma alifuta ya aliyetangulia. Sasa tazameni. Kontena la pili linafungwa kwa utaratibu, muunganisho wake unavunjwa, memori yake inarudishwa. Kontena la kwanza liko hai. Linapata wito kutoka kwa seva yake, kerneli inakwenda kwenye nafasi ile kutafuta muunganisho, na inachokikuta ni pointa ya kontena lililokwisha kuondoka. Ni sawa na kuingia chumba cha kupanga kwa ufunguo wa zamani wakati mpangaji mwingine ameshahamia: mlango unafunguka, lakini vilivyomo si vyako.

Fikirini mtu aliyekaa mbele ya ripoti ya anguko hilo. Kontena lililokuwa kazini lilimaunti vizuri. Seva yake nzima. Mtandao wake mzima. Mhusika mwenyewe ameshaondoka, pengine dakika nyingi kabla, na hakuacha mstari wowote wa malalamiko kwenye logi. Mtu asiyejua angebadilisha kebo. Angeilaumu seva, na kama seva inatunzwa na ofisi nyingine, ugomvi ungeanza. Kila alichokigusa kingekuwa kizima.

Na suluhisho lake linafaa kusomwa na kila kijana anayetaka kuwa mhandisi. Njia rahisi ingekuwa kuilinda ile pointa, kulipatia kila kontena nafasi yake. Waliposhauriana, Trond Myklebust, anayesimamia upande wa mteja wa NFS, alionyesha kwamba njia ya nyuma haikuwa na haja halisi ya pointa hiyo. Iliwekwa pale kuiridhisha svc_process_common tu. J. Bruce Fields, aliyekuwa akisimamia upande wa seva, alionyesha kwamba safari yote ile ya kufuata pointa, kwa TCP, ilikuwa ni kwenda kuandika sifuri moja kwenye kichwa cha jibu. Kiraka cha Averin, kilichoingia mwishoni mwa mwaka huo, kiliiondoa pointa katika njia ya nyuma. Fanksheni ikaangalia tu kama itifaki ni TCP na kuandika sifuri yake. Hitilafu yenyewe ilisajiliwa kama CVE-2018-16884, kwa sababu mtu aliye ndani ya kontena angeweza kuiangusha mashine nzima iliyombeba.

Kwa hiyo mkisimama mbele ya anguko la namna hii, ulizeni: memori hii ilikuwa ya nani, nani aliirudisha, na nani bado anaishika? Programu ya crash ikipewa faili ya kdump pamoja na vmlinux inaweza kuwajibu sehemu kubwa. Amri yake ya kmem hueleza anwani fulani iko katika fungu gani la memori na kama imeachiwa au bado inatumika. Mkiweza kulirudia anguko kwenye mashine ya majaribio, jengeni kerneli yenye KASAN, iliyoingia Linux 4.0 mwaka 2015. Inaifanya mashine iwe nzito, lakini ikimkamata mkosaji inataja wote watatu: aliyechukua memori, aliyeirudisha na aliyeigusa baadaye. Kwa kisa kama kile cha makontena, ripoti moja ya KASAN inawapa jina ambalo mlolongo wa miito hauwezi kuwapa.

Kulirudia anguko ndiyo kazi yenyewe, na ndiyo inayochosha. Andikeni kila kilichokuwa kikifanyika: nani alimaunti, nani aliondoa, kontena gani lilifungwa saa ngapi. Hayo hayatakuwa na maana kama saa za mashine zenu hazilingani, basi zote zifuate NTP leo hii. Rekodini trafiki ya poti 2049 kwa tcpdump kwenye mteja na kwenye seva kwa wakati mmoja, mfananishe. Mkipata kerneli ya zamani isiyoanguka na mpya inayoanguka, git bisect itagawa mabadiliko nusu kwa nusu. Mabadiliko 10,000 hayazidi majaribio 14. Na kama anguko linatokea kila mara mahali tofauti pasipo na uhusiano, pimeni memori kwa memtest86+ kabla ya kumwandikia mtu yeyote.

Kuna mpangilio mmoja mtakaoukuta katika ofisi ndogo, nao ni wa mashine kujimauntia saraka zake yenyewe kupitia NFS. Memori ikibana, kerneli inataka kuandika kurasa chafu ili ipate nafasi. Kurasa hizo zinakwenda kwa seva ya NFS ambayo ni mashine hiyo hiyo. Seva inahitaji memori ili izipokee, nayo inangoja. Wasimamizi wa kerneli wamefanya mengi kupunguza hatari hiyo, lakini mimi ningeuondoa mpangilio huo kabisa pale ambapo si lazima.

Mkifika mahali pa kuripoti, faili ya MAINTAINERS ndani ya chanzo cha kerneli inataja wanaosimamia kila sehemu. Wapelekeeni ripoti ya kwanza nzima bila kuikatakata, toleo kamili la kerneli, jinsi mlivyomaunti kama inavyoonekana kwenye /proc/mounts, seva ni ya aina gani, na hatua za kulirudia anguko. Msiwapelekee maoni yenu kuhusu nani mzembe. Watu hawa wanasoma ripoti nyingi, na ile yenye hatua za kurudia ndiyo inayofanyiwa kazi kwanza.

Lakini faili yenyewe inayoandikwa na kdump, iitwayo vmcore, msimpe mtu ovyo, na hili nawasihi kuliko yote niliyosema. Ile ni nakala ya memori ya mashine inayotumiwa na watu. Ndani yake mnaweza kukuta funguo za siri, nywila ambazo programu ilikuwa imezishika, barua iliyokuwa inaandikwa, majibu ya hospitali, alama za mtihani ambazo hazijatangazwa. Hakuna hata mmoja kati ya wenye vitu hivyo aliyewaruhusu mvisome. Msiiweke kwenye saraka ya pamoja, msiipakie kwenye mtandao ili rafiki akusaidieni, na mtu wa nje akiiomba, mpeni kwanza matokeo ya amri anazozitaka badala ya faili nzima. Akisisitiza, ruhusa itoke kwa maandishi kwa mwenye mamlaka juu ya data hizo. Ikae kwenye diski iliyosimbwa, isomwe na wawili au watatu wanaochunguza, na uchunguzi ukiisha ifutwe, pamoja na nakala zake zote.